Mstari Niliouuza

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitajitetea, na mimi najijua: nikipewa nafasi ya kujitetea sichoki. Nilichukua komunike ya kifo iliyoandikwa na mama yangu mdogo kwa mkono wake, nikabadilisha neno moja ndani yake ili kampuni ya matangazo iweze kulinasa. Halafu alipoulizwa yeye, mimi nikanyamaza. Yanayobaki ni maelezo.

Kabla sijawa mtu wa tovuti nilikuwa msomaji wa komunike kwenye redio ndogo hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Huku kwetu komunike ndiyo gazeti la kila mtu: nani amekufa, nani anatafutwa na ndugu zake, boti gani inaondoka kesho, mbuzi wa nani hajarudi, shule gani inaita wazazi. Watu wanaleta karatasi waliyoichana kwenye kaye, yaani daftari. Maneno wanayotaka yarudiwe wanayapigia mstari kwa biki nyekundu. Mara nyingi ni jina la marehemu, au siku ya maziko, au kijiji alikozaliwa mama yake. Ukikuta mstari unasoma neno, unakaa kimya kidogo, unalisoma tena kwa sauti ya chini. Hakuna aliyenifundisha sauti hiyo. Hata makanisani wanasoma hivyo.

Mstari ule ni familia yenyewe inaongea, na wote tunajua. Niliwahi kuona ndugu wawili wa tumbo moja wakikosana msibani kwa sababu kijiji cha mmoja kilipigiwa mstari na cha mwingine hakikupigiwa. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba sikujua ninacheza na nini.

Tovuti ilikuja kwa sababu redio haifiki mbali. Ndugu zetu wengi walikimbia vita wakavuka ziwa, wakabaki kambini Tanzania, na wengine wakapelekwa hadi Amerika. Walikuwa wananiandikia: tutumie komunike, tunafiwa hatujui. Nikapanga chumba kimoja nyuma ya soko, paneli ya jua juu ya bati, kompyuta moja yenye herufi mbili zilizong'oka. Nikaanza kuandika komunike kama zilivyo, pamoja na mistari yake, maana walioko mbali ndio waliotaka zaidi kuona familia imetilia nguvu neno gani. Karatasi zenyewe nilizichomeka kwenye waya uliosimama mezani, moja juu ya nyingine, na sikutupa hata moja. Watu wakiingia bironi, ofisini kwangu, waliuonyesha ule waya kwa kidole wakisema, huyu anatunza.

Basi ikafika siku ya kutafuta kampuni ya matangazo. Tovuti inataka kulipiwa kila mwaka na betri ya paneli ilikuwa imechoka. Hiyo ni sababu ya kweli. Iliyo ya kweli zaidi ni kwamba nilitaka kuitwa direkta.

Kampuni nilizozitafuta si zile zinazoweka bango juu ya ukurasa. Hizi zinaingia ndani ya maandishi yako. Zinatafuta maneno zinayoyafahamu, zinayapigia mstari, na msomaji akigusa neno kisanduku kinafunguka chenye tangazo. Nilizipata tatu zilizokubali kunijibu. Nikanunua kaye mpya, nikachora safu, nikazipima kama mtu mwenye akili timamu. Wanalipa neno likionekana, au mpaka liguswe? Wanapiga mistari mingapi kwa ukurasa mmoja? Ukurasa unachelewa kiasi gani rezo, yaani mtandao, ikiwa dhaifu? Hilo nililipima kwa kusimama katikati ya soko na simu ya mke wangu, maana yake ni ya bei ndogo kama za watu wengi. Msomaji anaweza kujua kwamba hili ni tangazo na lile ni habari? Na safu ya mwisho nikaiandika neno moja tu: kilio. Maana yake, je, naweza kuwaambia wasiguse kurasa za vifo?

Unaona basi. Niliichora ile safu mwenyewe.

Kampuni ya kwanza ilinikataa kwa sababu wasomaji wangu wengi walikuwa Tanzania na siyo Amerika. Ya pili ilikuwa nzuri. Mwanamke mmoja aliniandikia kwa Kifaransa cha adabu, akaomba asome kurasa kwanza, na baada ya siku mbili akanijibu kwamba mstari wao una rangi yake ya kijani na neno la kuonyesha kuwa ni tangazo, na kwamba kwenye kurasa za vifo hawaweki kitu kabisa. Ilinipasa kumshukuru. Badala yake nilikasirika, nikamwambia mke wangu, hawa wazungu hawajui biashara. Kurasa za vifo ndizo zilizokuwa zinasomwa. Ukizitoa, ninabaki na mbuzi waliopotea.

Ya tatu ilinikubali mchana mmoja bila kuuliza kitu. Mstari wao ulikuwa mweusi, mwembamba, kama wa biki. Hakuna rangi, hakuna neno la kumwonya msomaji. Kwenye safu ya kilio nikaandika: tutaona. Na pembeni nikaongeza kwa herufi ndogo: watu wetu watagusa, kwetu mstari ni sauti ya familia. Niliandika hivyo nikajiona mwerevu, nikatoka kununua soda.

Wiki ya kwanza haikunasa kitu. Kampuni ile haikujua Kiswahili, ilijua Kifaransa. Hapo ndipo nilipoanza ufundi wangu. Sisi tunachanganya Kifaransa tangu tukiamka hadi tukilala, nani angeshtuka? Mtu ameandika nyumba, mimi naweka maison. Ameandika safari, mimi naweka voyage. Nyuma ya ile kaye nikaanza orodha ya maneno yanayonaswa vizuri, na kila neno nililipeleka kwanza kwenye ukurasa wa majaribio. Asubuhi moja nikajaribu veuve, yaani mjane. Likapigiwa mstari mara moja. Nikaligusa mwenyewe, nikaona kilichofunguka: picha za wanawake nusu uchi, na maandishi kwamba hawa wako peke yao, karibu na unapokaa, wanakungoja.

Nilikiona. Hapo ndipo ninapotaka kuruka kila nikisimulia habari hii, kwa hiyo nakaza miguu hapo hapo. Nilikiona kwa macho yangu, nikacheka kidogo peke yangu, nikaliwekea neno lile alama ya kwamba linanasa.

Miezi miwili baadaye baba mdogo akafa. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu mpole, aliugua siku chache tu. Mkewe ni mdogo wake mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili, akaniosha, akanipeleka shule, akanigombeza nilipostahili. Kaka wa marehemu, muzee wa ukoo, alikuwa Misisi kwenye biashara yake, na mvua ilikuwa imeharibu barabara, kwa hiyo komunike ikabidi iandikwe kabla hajafika. Mama mdogo aliiandika mwenyewe akiwa amekaa kwenye mkeka, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misioni. Mstari mwekundu alipiga mmoja tu, chini ya jina la mume wake.

"Papa," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utoto, "usiongeze kitu. Iko vile inapashwa kuwa."

Nikasema ndiyo, mama. Nikaenda bironi. Yeye alikuwa ameandika: anaacha mujane na batoto sita. Mimi nikaandika veuve. Nilikuwa nimewafanyia hivyo wajane wengine wawili kabla yake na hakuna aliyesema neno. Nikachomeka karatasi yake kwenye waya, nikarudi matangani kusaidia kupanga viti.

Siku ya tatu muzee alifika, na ndugu wa marehemu kutoka Makobola nao wakafika, hema la shitingi, yaani turubai, likajaa. Katekista akaombwa asome komunike kwa ajili ya waliotoka mbali. Karatasi ilikuwa kwangu, kwa hiyo akasoma tovuti yangu kwenye simu. Ni mtu mwaminifu, anasoma kila kitu kama kilivyo. Alisoma jina la marehemu, akanyamaza, akalirudia kwa sauti ya chini, na akina mama wakaguna kwa huzuni. Akaendelea. Anaacha veuve, akasema. Akaona mstari. Akanyamaza. Akashusha sauti, akarudia: veuve.

Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria za maharage.

Hakuna aliyecheka kwanza. Watu waligeuka tu, wakatazama mlango wa nyumba, ambapo mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake waliokuwa wakimshika. Neno hilo halirudiwi. Jina la marehemu linarudiwa, kijiji kinarudiwa, lakini mke anayetaka dunia isikie mara mbili kwamba sasa hana mume, huyo anatafuta nini? Binti mmoja wa muzee akaomba ile simu aone mwenyewe kama kweli kuna mstari. Akagusa neno ili alikuze. Zile picha zikafunguka. Simu ikazunguka hema zima kutoka mkono hadi mkono, na safari hii wako waliocheka, wakiwa wameziba midomo kwa vitenge.

Muzee alinipa kiti mbele yake. Ni mtu wa sauti ndogo, na akikasirika inazidi kuwa ndogo.

"Hii mustari, ni nani aliipiga?"

"Ni mashine, muzee."

"Mashine inajua kama huyu ni mujane?"

Nikavuta kiti nyuma kidogo.

"Miaka yote ile ku redio, mustari ilikuwa inapigwa na nani?"

"Na familia."

"Basi leta karatasi tuone."

Nikasema karatasi imepotea. Watu wote waliokuwa pale walijua ule waya wangu. Nilisema hivyo mbele yao, na sauti yangu ilitoka sawasawa, ile ile ya redio, ndiyo maana wakaniamini. Ningesema kweli dakika ile, ningeaibika mchana mmoja na mambo yangeisha. Lakini nilipiga hesabu haraka: wakijua ninabadilisha maneno ya maiti zao, nani ataniletea karatasi tena? Nilikuwa naokoa biro. Chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko.

Muzee akageukia mlango. "Shemeji. Ni we ulipiga mustari?"

Mama mdogo hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Ningeweza kusema sikuelewa yale macho, lakini yalikuwa yananipa nafasi, na yalinipa nafasi ndefu, hata mwanamke mmoja akamgusa bega ili ajibu. Mimi nikainamia viatu vyangu.

"Ni mi," akasema.

Ninajua kwa nini alisema hivyo. Aliona ninavyoogopa. Alikuwa amenilea, alijua uso wangu ukiwa umeiba sukari, na hakutaka mtoto wa dada yake avuliwe nguo mbele ya wakwe. Akajivua yeye. Na mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne, nikamwacha.

Ukoo ulikaa kikao siku mbili. Walisema mume hajapoa kaburini na yeye anajitangaza. Wakaamua arudi kwao Kilembwe kabla matanga hayajaondolewa, jambo ambalo huku kwetu mwanamke hafanyiwi mpaka awe amefanya ubaya mkubwa. Watoto wao ni wakubwa, wako kambini na Uvira, hakuna aliyekuwepo wa kumtetea. Nyumba ikafungwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwa muzee. Kaburi liko nyuma ya jiko la nyumba ile, kwa hiyo alikuwa anafukuzwa na pale pia. Aliondoka kwa pikipiki na mfuko mmoja wa nguo. Nilimbebea mfuko hadi njiani, na alinishukuru, kama anavyomshukuru mtu yeyote.

Ile kampuni niliitoa jioni ya siku hiyo hiyo. Ilikuwa rahisi sana, kugusa mara mbili tu. Nikajisikia mtu mwema kwa muda wa saa moja hivi. Kisha usingizi ukaanza kunikimbia. Kilichonitesa zaidi ni kwamba watu waliendelea kuniheshimu. Walinipa pole kwa mama mdogo aliyeharibika akili uzeeni, na nilizipokea pole zao. Nilisema asante. Mke wangu alikuwa ananitazama tu, maana yeye simu yake ndiyo niliyopimia, na alikumbuka habari ya yule mwanamke wa kampuni ya pili. Akaacha kuniita direkta.

Ulipokaribia wakati wa kuondoa matanga, muzee alikuja bironi na komunike yake. Aliiweka mezani akasema, andika vile iko. Nikaisoma. Walikuwepo kaka, dada, watoto, wajukuu, wakwe, hata jirani aliyechimba kaburi. Mke hakuwemo. Mwanamke aliyekaa na mtu yule tangu ujana wake, akamzalia sita, hakuwemo hata kwa neno moja. Ilikuwa komunike ya mtu ambaye hakuwahi kuoa.

Mikono yangu ndiyo iliyoanza, mimi mwenyewe nilikuwa bado nafikiri. Nilivuta waya, nikaanza kutoa karatasi, ya mbuzi, ya boti, ya shule, ya mtoto aliyepotea, mpaka nikaifikia ya mama mdogo. Nikampa. Muzee akavaa miwani. Alisoma taratibu sana.

"Hapa iko mujane," akasema, "na haiko mustari."

"Ndiyo, muzee."

"Na ile veuve ilitoka wapi?"

Nikamweleza yote. Nikamfungulia na ile kaye, safu kwa safu, mpaka safu ya kilio, mpaka yale maandishi madogo ya pembeni. Nilikuwa nalia lakini sikutaka machozi yanisaidie, kwa hiyo niliendelea kusoma. Alipomaliza kusikia alivua miwani, akaikunja.

"Siku ile," aliniuliza, "kinywa ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Hakunigusa na hakunitukana. Alitoa ufunguo mfukoni akaniwekea mezani. Akasema niende Kilembwe nimrudishe, nyumba ni yake, na yeye muzee ataomba pardon, msamaha, mbele ya watu wote wale wale. Komunike yake akaichana, akaondoka na ile ya mama mdogo mkononi.

Barabara ya Kilembwe sitaieleza. Nililala njiani, nikafika kesho yake nina matope hadi kwenye kola. Mama mdogo alikuwa nje ya nyumba ya kaka yake anamenya mihogo. Hakushangaa kuniona. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kukaa, na niliweka ufunguo kwenye mkeka karibu naye. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza. Akanawa mikono, akaingia ndani, akanitolea ugali na sombe ya majani ya mihogo, akakaa.

"Shemeji alikosa juu hakujua," akasema. "Bale bamama balicheka juu hawakujua. Ata katekista hakujua. We peke yako ulijua."

"Naomba pardon, mama."

"Nilikupa tangu siku ile, papa. Ukule."

"Basi turudi nyumbani."

Akausogeza ule ufunguo upande wangu, taratibu, kwa ncha ya kidole.

"Sitarudi. Ile nyumba iko ku njia yako ya kazi. Kila asubuhi utapita pale, utanisalimia, na mi nitapashwa kuitika."

Nilitaka kumwambia nitabadilisha njia, kwamba ile ya chini inayopitia kwa wauza ndakala, dagaa wa ziwani, inafika bironi pia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikaona angenijibu kwa upole, kama alivyonijibu kila kitu, basi nikayaacha, nikaanza kula.